Maji Chini ya Turubai

Kolwezi, mtu akiinama barabarani kufunga kamba ya kiatu, watu watatu wanasimama kuangalia ameokota nini. Tusibishane. Ndivyo tulivyo. Mji wetu umejengwa juu ya shaba na kobalti, na kila mtu anafikiri jiwe la bahati liko chini ya jiko la jirani yake. Au chini ya jiko lake mwenyewe, naye hajui.

Tata Kabemba alikuwa mtu wa namna hiyo, tena kupita kiasi. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Karakana yake ilikuwa kando ya barabara ya kwenda Fungurume. Alitengeneza milango, madirisha na mageti. Mkono wake ulikuwa mzuri, lakini jicho lake halikumwamini mtu. Mteja akimsifu, alijiuliza huyu anataka kupunguziwa nini. Jirani akimsalimia mara mbili, alijiuliza ile mara ya pili ni ya nini.

Aliishi na mke wake Huguette na binti yao mdogo, Abigaëlle. Lupango lao, yaani kiwanja cha nyumba yao, lilikuwa safi. Huguette alilifagia kila asubuhi. Mbele alipanda lengalenga na vitunguu. Nyuma kulikuwa na shimo.

Kabemba alilichimba shimo hilo wakati wa kiangazi. Watu wakimwuliza, alijibu, "Ni choo ya mupya." Lakini choo gani kinachimbwa huku mlango wa lupango umefungwa? Na nani anachimba choo huku akilowesha kila jiwe kwa mate na kuligeuzageuza juani? Ukweli ni huu. Kabemba alisikia kwamba mtu mmoja wa avenue ya nyuma alipata mawe ya kijani alipokuwa akichimba choo. Naye akachukua sururu. Akapata udongo mwekundu, na chini yake udongo mwekundu mwingine.

Hata hivyo hakulifukia shimo. Huwezi kujua ya kesho, alisema. Alilifunika kwa turubai la bluu, akalikandamiza kwa matairi makuukuu. Alijua kwamba kuchimba madini ndani ya lupango kunakatazwa. Aliogopa kwamba siku moja watu watakuja kumwambia ahame.

Mwezi wa kumi mvua za kwanza zikanyesha. Watu walifurahi, maana vumbi lilikuwa limewachosha. Huguette hakufurahi. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mwaka uliopita pia mvua za kwanza zilimkuta na mimba. Akapata malaria, homa ikapanda, na mimba ikatoka. Mtoto yule hakupata hata jina. Tangu hapo, Huguette akisikia mvua juu ya mabati, mkono wake ulikwenda wenyewe tumboni.

Kabemba aliumia sana pia, lakini kwa namna yake. Alitafuta mtu wa kumlaumu. "Kuko mutu alitutupia jicho mubaya," alisema. Hakutaja jina. Aliangalia tu upande wa kulia, kwenye ua wa Mama Kadija.

Mama Kadija aliuza samaki wakavu sokoni. Mume wake, Twahiru, aliendesha lori. Zaidi ya biashara yake, Kadija alikuwa relais wa afya. Watu hao hutumwa na kituo cha afya kupita nyumba kwa nyumba, kufundisha majirani namna ya kujikinga na magonjwa.

Asubuhi moja Kabemba alimwona Kadija kwa jirani mwingine, Mathieu. Mathieu alikuwa amechimba udongo wa kufyatulia matofali, na mahali pale palikuwa pamejaa maji ya mvua. Kadija alichuchumaa. Alikuwa na upawa mweupe wenye mpini mrefu. Akachota maji polepole, akayatia ndani ya chupa, akaiinua chupa juani, akaitazama.

Kabemba akajificha nyuma ya ukuta.

"Échantillon!" akasema peke yake.

Kolwezi hata mtoto anajua neno hilo. Échantillon ni sehemu ndogo inayochukuliwa kwenda kupimwa kama ina madini. Ikipatikana nayo, watu wa buti, wale wa kampuni, wanakuja. Na mume wa Kadija alibebea nani mizigo katika lori lake? Watu wa migodi! Kabemba akaunganisha mambo yote kama anavyounganisha vyuma. Tatizo ni kwamba chuma kibovu nacho kinaungika.

Siku hiyo hiyo Kadija akafika mlangoni kwake.

"Hodi! Jambo yenu, Tata Kabemba."

"Jambo, Mama Kadija." Kabemba alisimama katikati ya mlango, mikono kiunoni. "Unatafuta nini?"

"Natafuta maji yenye kusimama. Mvua njo inaanza. Tukimwanga maji sasa, mbu haitazaa mingi. Tukingojea mupaka mwezi ya kumi na mbili, itatushinda."

"Hapa hakuna maji yenye kusimama."

"Na kule nyuma, chini ya bâche?"

Kabemba akashtuka. Amejuaje kwamba kuna turubai? Kwa kweli, rangi ile ya bluu ilionekana hata na mtu aliyepita kwa baiskeli. Lakini mwenye siri hudhani ua wake ni mrefu.

"Kule ni choo. Haiyaisha," akasema.

"Uniachie niangalie tu kidogo, tata."

"Choo ya batu unaangalia nini ndani? Na hiyo maji mu chupa, unaipeleka wapi?"

"Ku centre de santé. Tunaonyesha bamama benye mimba namna mbu inazaliwa."

Kabemba akacheka kwa pua. "Mbu inatoka ku buchafu, mama. Ona lupango yangu. Ata jani moja haiko chini."

"Mbu ya malaria inapendaka maji safi, tata. Maji ya mvua, yenye kupigwa na jua. Mu shimo, mu alama ya tairi ya gari, fasi yote."

"Asante kwa masomo," Kabemba akasema, akafunga mlango.

Huguette alikuwa amesikia yote. Jioni, akiwa ameinama juu ya jiko lake la mbabula akisonga ugali wa bukari, alijipiga miguu kila mara. Mbu walikuwa wengi.

"Tata Abigaëlle," akamwambia mume wake, "juu ya nini ulimukatalia ule mama?"

"Weye haujue. Kwanza banakamata échantillon. Kisha banakuya na mètre ya kupima. Kisha banatuambia: muhame."

"Alikuwa anakamata maji, hakukamata udongo."

"Maji inapita mu udongo. Kobalti inaingia mu maji."

"Mi naogopa," Huguette akasema. "Sitaki ile ya mwaka jana irudie."

"Si uko unalala mu moustiquaire?" Kabemba akaonyesha chumbani, kwenye chandarua.

"Nalala mule. Na saa ya kupika? Nitapika mu moustiquaire?"

Kabemba alivuta sahani karibu. Alikula, lakini masikio yake yalikuwa kwenye ua wa kulia.

Huguette alikuwa mke mwenye heshima, lakini si mjinga. Siku chache baadaye, mume wake alipokuwa kazini, alimwita Kadija kupitia uani. Wakaenda nyuma pamoja. Wakainua pembe ya turubai.

Maji yalikuwa mengi. Yalikaa kwenye mikunjo ya turubai. Yalikaa ndani ya matairi. Turubai lilikuwa limepasuka katikati, na chini shimoni maji yalikuwa yametulia, safi kabisa. Ungeweza kuona mawe.

Kadija alichota kwa upawa wake. "Kuya uone, mama. Usiogope, haiwezi kuuma sasa."

Ndani ya upawa mweupe, vijidudu vyembamba vilikuwa vinashtukashtuka.

"Hii ni mbu ya batoto," Kadija akasema. "Mama yake anatagaka mayai juu ya maji. Mayai inapasuka, inatoka hii bidudu. Inakula, inakomaa, inaota mabawa. Wiki moja ao kupita kidogo, inaruka. Ona namna inalala juu ya maji sawa kijiti. Ya namna ile njo ya malaria. Ile ya mu tairi inaning'inia kichwa chini. Ni ingine, lakini nayo ni mubaya."

"Yote hii ilizaliwa hapa? Nyuma ya nyumba yangu?"

"Hapa hapa, mama."

Huguette akashika tumbo. Alitaka kulia. Mwaka mzima alikuwa amewaza juu ya jicho baya la watu. Kumbe alikuwa analala karibu na kiota.

Sasa, siku hiyo radi ilipiga na umeme ukakatika. Umeme wetu unatoka karibu tu, kwenye bwawa la Nzilo, lakini radi haijali karibu wala mbali. Na fundi wa kuchomelea asiye na umeme ni mtu wa kurudi nyumbani. Kabemba alifungua mlango wa lupango, akamwona Kadija akimimina maji ndani ya chupa.

"Nilijua!" akapiga kelele. "Nilijua! Leta hiyo chupa!"

"Tata Abigaëlle, ni mi nilimuita," Huguette akasema.

"Basi bamekudanganya nawe. Leta!"

Kadija akampa chupa. Kabemba akaiinua juani. Akaona vijidudu.

"Bidudu hii ulikuya nayo. Uliitia mwenyewe, juu utudanganye. Chupa ingine, ya kweli, iko wapi?"

Hapo Kadija alikasirika. Alikuwa mpole, lakini si jiwe.

"Tata Kabemba, samaki yangu iko peke yake ku soko juu ya bibi yako. Unasema mi ni mwizi? Basi sawa." Akachukua chupa, akamwaga maji chini, akamwekea upawa na chupa miguuni. "Chota weye mwenyewe, na mukono yako. Funga na kitambaa yako, si kizibo, bidudu inahitaji pumzi. Chupa ibaki kwako. Utaniambia kama ni kobalti ao ni nini."

Kabemba alimtazama. Alitafuta mtego uko wapi, hakuuona. Hilo lilimpa mashaka zaidi. Hata hivyo alichota mwenyewe. Akafunga mdomo wa chupa kwa kitambaa cha shati lake la zamani. Aliwaza kumpelekea Stany, rafiki yake anayenunua mawe kule Mutoshi. Stany ana jicho la madini.

"Lakini usingojee chupa," Kadija akasema alipokuwa anatoka. "Mama ni muzito. Ufukie shimo leo."

"Shimo yangu siifukie juu ya maneno ya batu."

Akaiweka chupa juu ya kabati, chumbani mwake, mahali ambapo mkono mwingine usingefika.

Mvua zikaendelea. Kazi ikawa nyingi, na Kabemba hakupata nafasi ya kwenda kwa Stany. Halafu asubuhi moja Huguette hakuamka kufagia. Kabemba alimkuta amejikunja, anatetemeka, na ngozi yake ina moto.

"Kichwa," Huguette akasema. "Na mugongo. Tata Abigaëlle, ni ile ile."

Kabemba akachanganyikiwa. "Ngoja, naenda kukutafutia dawa ku pharmacie."

"Hapana. Uite Mama Kadija."

Alisimama pale akitazama mkono wa mke wake juu ya tumbo. Kisha akaenda kwenye ua wa kulia. Ilikuwa mara ya kwanza kuita jina lile kwa sauti ya kuomba.

Kadija alikuja mbio, kitambaa cha kichwa hata hakijafungwa vizuri. "Hapana dawa ya kukisia," akasema. "Mwenye mimba hapewe dawa sawa bonbon. Kwanza bapime damu. Twende, sasa hivi."

Kwenye kituo cha afya, muuguzi Josée alimtoboa Huguette kidole, akachukua tone la damu. Jibu lilikuja bila kukawia. Ilikuwa malaria.

"Na mutoto?" Kabemba akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Josée alimsogelea Huguette. Alichukua kifaa chake, kama tarumbeta ndogo, akakiweka juu ya tumbo la Huguette, akategesha sikio. Kabemba, aliyezoea kusikiliza kila mlango na kila ua, sasa alisikiliza kitu ambacho sikio lake halikuweza kukifikia. Aliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yake. Josée akasogeza kifaa. Akasikiliza tena.

"Moyo inapiga," akasema. "Inapiga muzuri. Mulikuya mapema, tata. Mungelikawia, ningelikuambia maneno ingine."

Kabemba akaegemea ukuta. Machozi yakamtoka, na hakujali nani anayaona.

Huguette alipewa dawa inayofaa mwenye mimba, na akabakizwa kitandani apate kuangaliwa. Kabemba alitumwa nyumbani kuleta vitenge na sabuni. Akafika, akafungua kabati. Kitu kikagonga mbao juu. Ilikuwa ile chupa.

Aliishusha. Juu ya maji kulielea maganda madogo, meupe, matupu. Kwenye ukuta wa chupa, mbu walikuwa wamesimama. Miguu mirefu. Mkia juu, kichwa chini. Mmoja aligonga kitambaa cha shati, akitafuta njia.

Kabemba akakaa kitandani. Akatafuta, kama kawaida yake, mtu wa kumshuku. Nani alichota maji? Yeye. Nani alifunga kitambaa? Yeye. Nani aliifungia chupa chumbani? Yeye tu. Na shimo lilichimbwa na nani? Kwa mara ya kwanza Kabemba hakupata jirani wa kumbebesha lawama.

Alipopeleka vitenge, alimkuta Kadija ameketi karibu na Huguette.

"Mama Kadija," akasema, "nilikuwekea mabaya mu roho. Na ya mwaka jana pia. Unisamehe."

"Nilijua, tata. Ua yetu ni ya manyasi, inasikika," Kadija akasema. "Imekwisha. Utafanya nini na shimo?"

"Ku atelier niko na mafuta ya vidange, ile chafu ya gari. Nitaimwanga mule, bidudu yote ikufe."

"Hapana! Mafuta ile itashuka mupaka mu kisima. Tutaikunywa sisi bote. Rudisha tu udongo wako. Udongo ile haina deni na mutu."

Asubuhi iliyofuata Kabemba alifanya jambo lililomgharimu aibu yake yote. Aliufungua mlango wa lupango wazi kabisa. Akaondoa matairi. Akavuta turubai. Shimo likaonekana na kila aliyepita, na kila aliyepita akajua kwamba si choo. Kabemba alichukua koleo, akaanza kurudisha udongo.

Mathieu alisimama barabarani, akacheka. "Tata Kabemba! Choo gani hii, refu sawa shimo ya bacreuseur ba madini?"

"Kuya unisaidie, kisha nitakusaidia kufukia yako ya matofali," Kabemba akajibu. "Bibi yangu iko ku lopitalo juu ya shimo hii. Yako inazaa mbu ile ile."

Mathieu akaacha kucheka. Akaenda kuchukua koleo lake.

Kabla ya jua kuzama, shimo lilikuwa uwanja. Kabemba alitoboa matairi yaliyobaki ili yasishike maji. Alilikausha turubai, akalikunja, akaliweka ndani. Pipa la maji ya matumizi akalifunika vizuri kwa bati alilolikata mwenyewe, lisiache nafasi hata ya mbu mmoja kupita. Kisha akapachika wavu wa chuma wenye matundu madogo kwenye dirisha la chumba. Akiwa fundi wa madirisha, alipaswa kuona haya kwamba hakufanya hivyo zamani.

Huguette alirudi akiwa dhaifu, lakini mzima. Alimaliza dawa zote, hata alipojisikia vizuri. Kila mwezi alikwenda kliniki ya wajawazito kupata dawa ya kumkinga, na kila jioni alishusha chandarua mapema.

Avenue nzima nayo ilibadilika, lakini msifikiri tulibadilika tabia. Tulitumia tabia ile ile. Kila Jumamosi, saa ya salongo, yaani kazi ya pamoja ya usafi, hakuna mtu anayekagua lupango lake. Unakagua la jirani. Kwa kuchungana, sisi hatuna mpinzani! Tunainua ndoo, tunapindua makopo, tunachungulia mikunjo ya maturubai. Mbu anahitaji wiki moja au zaidi kidogo ili akomae. Sisi tunampa siku sita tu, ya saba tunamwaga.

Siku moja Kabemba alikuta vijidudu ndani ya bakuli la kunyweshea kuku, kwa Mama Kadija. Alifurahi vibaya sana. Aliita avenue nzima ije kuona. Kadija alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaliosha bakuli.

Mwezi wa pili, katikati ya mvua kubwa, Huguette alijifungua mtoto wa kike. Mtoto alilia kwa sauti iliyoshinda mvua juu ya mabati. Hawakungoja. Walimpa jina siku hiyo hiyo: Marie.

Mwezi wa kumi uliofuata, mvua za kwanza ziliponyesha tena, Kabemba alikuwa anatembea na Kadija. Sasa Kabemba naye alikuwa relais. Katika avenue moja ya mbali walibisha hodi. Mwanamume mmoja akatoka, akasimama katikati ya mlango, mikono kiunoni. Nyuma yake pembe ya turubai ilikuwa inapepea. Ndani ya nyumba mtoto alikuwa anagumia kwa homa.

"Hiyo maji mu chupa, munaipeleka wapi?" mtu yule akauliza. "Ni échantillon, si vile? Mi najua batu ya namna yenu."

Kadija alimtazama Kabemba, akarudi nyuma hatua moja. Kabemba hakucheka. Alimjua mtu huyo vizuri sana. Alimwaga maji yaliyokuwa ndani ya chupa, kisha akamnyooshea upawa, mpini mbele.

"Uko na haki ya kushuku, tata," akasema. "Basi mi sichote. Chota weye mwenyewe."

Mtu yule alitazama upawa. Mtoto akagumia tena. Mwanamume akaupokea.